Baada ya Kupasuliwa Pua, Subira Ndiyo Nusu ya Dawa

Wahenga walisema, "Kata pua, uunge wajihi." Walimaanisha kwamba yafaa mtu akubali kupoteza kilicho kidogo ili aokoe kilicho kikubwa. Siku hizi wako watu wanaoitimiza methali hiyo kwa kisu cha hospitali hasa. Huyu pua yake ilivunjwa ulingoni katika mashindano ya ndondi ya kikosi, ikapona hali imepinda. Yule hakupata ajali yoyote, ila haipendi pua aliyozaliwa nayo, naye anataka ipunguzwe au inyanyuliwe. Wote wawili hulala juu ya meza moja ya upasuaji, na wote wawili huamka wakiwa na gango juu ya pua na uso uliovimba.

Leo, wapenzi wasomaji, hatuna nia ya kumsifu wala kumlaumu mtu atakaye kubadili sura yake. Kusudi letu ni kueleza jambo ambalo mara nyingi haliulizwi mpaka fedha zimekwisha kulipwa: ni nini hutokea baadaye? Uvimbe hukaa kwa muda gani? Ni dalili gani za kawaida, na ni zipi za kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku? Askari atarudi lini kwenye gwaride, na mama wa nyumbani atainua lini ndoo ya maji? Yafaa maswali haya yajibiwe mapema, kwa sababu kazi ya daktari humalizika kwa muda wa saa mbili au tatu, lakini kazi ya pua kujiponya yenyewe huchukua mwaka mzima. Anayeijua tofauti hiyo huvumilia. Asiyeijua hukata tamaa katika wiki ya pili, au hujitia katika hatari kwa haraka yake mwenyewe.

PUA SI PAMBO TU

Sehemu ya juu ya pua, ile iliyo kati ya macho, imejengwa kwa mfupa. Sehemu ya chini, mpaka kwenye ncha, imejengwa kwa gegedu, yaani kitu kigumu kiasi lakini chenye kupindika, kama kile cha sikio. Ndani, katikati ya matundu mawili, kuna ukuta mwembamba uliojengwa kwa gegedu na mfupa. Ukuta huu ndio nguzo inayoishikilia paa ya nyumba. Ukivunjika au ukitobolewa, paa nayo hushuka.

Kazi ya pua ni kuipasha moto hewa tunayovuta, kuitia unyevu na kuzuia vumbi kabla haijafika mapafuni. Kwa hiyo daktari anayeipunguza pua ili ipendeze anapunguza pia njia ya hewa, na lazima apime kwa uangalifu sana. Pua nzuri isiyopumua ni hasara kwa kila mtu, na kwa askari ambaye kazi yake ni kukimbia na mzigo mgongoni, ni hasara maradufu.

Mambo yanayofanywa katika upasuaji huu ni mengi. Daktari huweza kuchonga mfupa uliotokeza, kunyoosha ukuta uliopinda, kupunguza upana wa matundu, au kuongeza mwamba wa pua kwa gegedu iliyochukuliwa katika ukuta wa pua, nyuma ya sikio au kwenye ubavu. Wakati mwingine kazi yote hufanywa kupitia ndani ya matundu. Wakati mwingine ngozi hukatwa kidogo chini ya ncha ya pua na kuinuliwa, ili daktari aone vizuri.

MAFUNZO KUTOKA VITANI

Huenda baadhi ya wasomaji wakadhani kwamba jambo hili ni la wacheza sinema. La hasha. Historia ya kutengeneza pua ni historia ya askari na watu waliofuatana na majeshi, na tangu mwanzo somo lake limekuwa ni subira.

Katika vita vya mwaka 1792 huko India, mwendesha maksai mmoja aitwaye Cowasjee, aliyelitumikia jeshi la Waingereza, alitekwa na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore. Wakamkata pua na mkono mmoja. Baadaye fundi mmoja wa Kihindi wa karibu na mji wa Pune alimtengenezea pua nyingine kwa ngozi ya paji lake la uso, kwa ufundi ambao Wahindi walikuwa nao kwa karne nyingi. Habari hiyo ilichapishwa mjini London katika jarida la Gentleman's Magazine mwezi wa Oktoba, 1794, na madaktari wa Ulaya wakastaajabu.

Jambo linalotuhusu hapa ni jinsi mgonjwa alivyotunzwa. Kwa mujibu wa habari ile, mgonjwa hulazwa chali kwa siku 5 au 6. Siku ya 10 hutiwa vipande vya kitambaa laini katika matundu ya pua ili yasizibe. Kile kipande cha ngozi kinachoiunganisha pua mpya na paji la uso hakikatwi mpaka yapata siku ya 25. Fundi yule alijua kwamba kazi ya mkono wake ni nusu tu ya matibabu.

Miaka mia na zaidi baadaye, Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeraha ya uso yasiyo na idadi. Katika handaki, kichwa ndicho kilichojitokeza juu ya udongo, na vipande vya mizinga havikuchagua. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alianza kuwatibu askari hao huko Aldershot, Uingereza, mwaka 1916, na mwaka uliofuata hospitali maalumu ikafunguliwa kwa kazi hiyo huko Sidcup. Zaidi ya askari 5,000 walitibiwa huko, na idadi ya operesheni ilipita 11,000. Hesabu hiyo yenyewe yaonyesha kwamba wako waliopasuliwa zaidi ya mara moja, huku akingoja apone kati ya operesheni moja na nyingine.

Mmoja wao alikuwa Luteni William Spreckley, aliyeingia hospitali mwaka 1917 bila pua. Gillies alichukua gegedu ya ubavu, akaipandikiza kwanza katika paji la uso, akaiacha huko kwa miezi mingi ndipo akaishusha iwe pua. Pua hiyo mpya ilipoonekana mara ya kwanza ilikuwa kubwa mno, imevimba mithili ya mdomo wa mhanga, hata wenzake Gillies wakaicheka. Lakini daktari alingoja. Uvimbe ukapungua kidogo kidogo, ngozi iliyozidi ikapunguzwa, na Luteni huyo alipotoka hospitali mwaka 1920 alikuwa na pua ambayo mpita njia asingeigeukia. Kama angehukumiwa kwa sura ya wiki zile za kwanza, kazi ile yote ingeitwa hasara.

Upande wa pili wa vita ile alikuwako Jacques Joseph wa Berlin. Huyu alikuwa amekwisha kujulikana tangu mwaka 1898, alipompunguzia pua kijana mmoja mzima wa mwili ambaye aliona aibu kutokea mbele za watu. Yeye ni miongoni mwa walioanzisha upasuaji wa pua kwa ajili ya sura tu. Vita ilipokuja, ujuzi huo huo aliutumia kuwatengeneza askari waliojeruhiwa nyuso. Hivyo kuitengeneza pua iliyoharibika na kuipamba pua iliyo nzima ni matawi mawili ya mti mmoja, na njia ya kupona ni ile ile.

SIKU ZA KWANZA NYUMBANI

Mgonjwa akizinduka kutoka usingizi wa dawa huona gango juu ya pua yake, na huenda pia akawa na shashi au vibanzi laini ndani ya matundu. Hupumua kwa mdomo, koo hukauka, na kichwa huwa kizito. Maumivu kwa kawaida si makali sana. Kinachosumbua zaidi ni kuziba kwa pua. Damu kidogo iliyochanganyika na kamasi hutoka kwa siku moja au mbili, na kipande cha shashi kilichofungwa chini ya pua hubadilishwa kila kinapolowa.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kwa sura. Macho huvimba, na damu huvilia chini ya kope zikawa nyeusi kama za bondia aliyeshindwa. Watoto huogopa, na jirani huuliza ni nani aliyempiga. Familia iambiwe mapema kwamba hali hii ni ya kawaida. Weusi huo hugeuka manjano, na kwa kawaida huondoka katika siku 10 hadi 14.

Mtunzaji wa mgonjwa, awe mke, mume au mama mzazi, azingatie mambo haya:

Kichwa cha mgonjwa kiinuliwe kwa mito miwili au mitatu, naye alale chali. Kitambaa kilichochovywa katika maji baridi kiwekwe mashavuni na kando ya macho kwa dakika 10 hivi, kisha kiondolewe. Kisiwekwe juu ya pua yenyewe, na barafu isiguse ngozi.

Chakula kiwe laini: uji, supu iliyopoa, ndizi zilizopondwa, viazi, mayai. Miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu vingoje, maana kutafuna kwa nguvu huisumbua midomo na uso wote. Pilipili iliyokaangwa na moshi wa kuni huleta chafya, basi mgonjwa akae mbali na jiko.

Asipenge kamasi kwa muda wa wiki mbili hivi, au kadiri alivyoagizwa. Chafya ikimjia, aachame ili nguvu ya hewa ipite mdomoni. Avae shati au gauni lenye vifungo mbele, wala si nguo ya kuvutwa kichwani. Asiiname kufagia, asiinue ndoo wala mtoto. Mwenye kuswali anaweza kuswali hali ameketi na kuashiria sijida kwa kichwa, kwa kuwa kuinamisha paji la uso sakafuni katika siku hizi huweza kuamsha damu. Na mtoto mdogo asilale kitanda kimoja na mgonjwa, kwani teke moja la usingizini laweza kuisogeza mifupa ambayo bado haijashikana.

Kwa maumivu, dawa itumiwayo mara nyingi ni paracetamol. Aspirini na dawa za jamii yake huifanya damu iwe nyepesi na kuchuruzika, na kwa sababu hiyo madaktari huzikataza siku kadhaa kabla na baada ya operesheni. Lakini mtu anayemeza aspirini kwa amri ya daktari wa moyo asiiache kwa hiari yake. Awakutanishe madaktari wake wawili kwanza. Dawa za mitishamba nazo zitajwe zote kwa daktari bila kuona haya, kwa maana baadhi yake huzidisha kutoka damu. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla na baada, kwa sababu moshi wake hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi vizuri.

WIKI, MIEZI, HATA MWAKA

Gango huondolewa baada ya wiki moja hivi, pamoja na nyuzi za nje kama zipo. Hii ndiyo siku ya majaribu. Mgonjwa huomba kioo akitumaini kuiona pua aliyoiota, na badala yake huona pua nene, iliyonyanyuka ncha, pengine imevimba upande mmoja kuliko mwingine. Wengine hulia. Huzuni katika wiki za mwanzo ni jambo linalojulikana kwa madaktari, nayo huwapata hata watu ambao mwishowe hufurahia matokeo.

Sehemu kubwa ya uvimbe hupungua katika mwezi wa kwanza au wa pili. Unaobaki hujificha chini ya ngozi, hasa kwenye ncha, na hutoweka polepole sana kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa mtu mwenye ngozi nene ya pua, na wengi wetu Waafrika tunayo, muda huo waweza kuzidi mwaka. Asubuhi uvimbe huwa mwingi kuliko jioni, na siku ya jua kali huwa mwingi kuliko siku ya mawingu.

Ganzi kwenye ncha ya pua, mdomo wa juu na meno ya mbele ya juu huweza kudumu kwa wiki au miezi. Pua huwa ngumu kama ubao, na kicheko huonekana si cha mwenyewe. Uwezo wa kunusa huweza kupungua kwa muda, hata mchuzi wa nyumbani ukakosa ladha. Ndani hujitokeza magaga makavu, ambayo hayafai kubanduliwa kwa kidole. Matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa hospitali huyalainisha. Mara kwa mara damu hutoka tena baada ya wiki moja hivi, magaga yanapoanguka.

Haya yote si ajali. Ni njia ambayo kila mgonjwa huipita, mmoja upesi na mwingine polepole.

MADHARA YALIYO MAKUBWA ZAIDI

Kuna mambo mengine yasiyomtokea kila mtu, lakini lazima yajulikane kabla ya mtu kutia sahihi yake kwenye karatasi ya hospitali.

La kwanza ni pua kupumua vibaya kuliko zamani. Njia ikibanwa mno, au gegedu za pembeni zikidhoofika, matundu hujifunga kila mtu anapovuta hewa kwa nguvu. La pili ni tundu kutoboka katika ule ukuta wa kati. Likiwa dogo huweza kupiga mluzi mtu anapopumua. Likiwa kubwa huleta magaga na damu isiyokoma. La tatu ni maambukizo, ambayo hayatokei mara nyingi lakini huharibu sana yakiachwa. La nne ni makovu. Pua iliyopunguzwa upana wa matundu hubaki na mistari midogo chini ya mabawa yake, na matundu yaliyobanwa kupita kiasi ni vigumu sana kuyarudisha. Mtu ambaye makovu yake huvimba na kukua mwilini lazima amweleze daktari mapema.

La tano ni kitu kilichopandikizwa kuleta matata. Gegedu ya mwili wa mtu mwenyewe huweza kupinda au kupungua. Kipande cha silikoni huweza kuingia vijidudu, kusogea, hata kutokeza nje ya ngozi baada ya miaka mingi. Gegedu ikichukuliwa ubavuni, kifua huuma kwa siku kadhaa, na kwa nadra sana utando wa mapafu huguswa. Mwisho kuna hatari za dawa ya usingizi yenyewe, ambazo zipo katika kila operesheni, ndogo au kubwa.

Nayo sura huweza kutoridhisha: mwamba ukabaki na kibyongo, ncha ikaelekea upande, au pua ikabonyea katikati kama tandiko la farasi. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 100 waliopasuliwa, watu 5 hadi 15 hurudi kupasuliwa tena. Operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, maana daktari hukata ndani ya kovu na huenda akakosa gegedu ya kutosha. Kwa sababu hii madaktari wengi hukataa kuifanya kabla ya mwaka mmoja kupita, isipokuwa pana dharura. Anayekataa kukupasua katika mwezi wa tatu anakulinda.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Kata orodha hii uibandike ukutani. Mgonjwa apelekwe mara moja, iwe mchana au usiku, ikiwa:

Damu inatoka kwa wingi na haikomi baada ya kuketi wima na kutulia kwa dakika 15.

Pua imeziba kabisa, inauma kwa kupwita, na ndani yake kuna uvimbe laini mwekundu au wa rangi ya zambarau.

Homa imepanda, au usaha unatoka, au maumivu yanazidi siku baada ya siku badala ya kupungua.

Maji maangavu kama ya kisima yanadondoka puani, hasa mtu anapoinama, nayo yana ladha ya chumvi. Kwa nadra maji hayo huwa yametoka kwenye ubongo. Kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa ni ishara ya hatari zaidi.

Macho hayaoni vizuri, au mtu anaona vitu viwili viwili.

Mguu umevimba na kuuma, au pumzi imekatika ghafula na kifua kinachoma.

ASKARI ARUDIPO KAZINI

Mwanajeshi au polisi hupenda kurudi upesi, ama kwa bidii ama kwa hofu ya kuitwa mvivu. Kazi ya kukaa mezani huwezekana baada ya wiki moja au mbili. Kukimbia, kubeba mizigo na mazoezi ya viungo kwa kawaida hungoja wiki 3 hadi 6. Ndondi, mieleka, mpira wa miguu na mafunzo ya kupigana kwa mikono hungoja zaidi, wiki 6 kwa uchache, na madaktari wengi hutaka miezi kadhaa. Miwani inayoegemea pua isivaliwe kwa wiki 4 hadi 6, kwani uzito mdogo wa kila siku huweza kuuacha mwamba na alama. Kinyago cha kukinga gesi hubana uso mzima, na kitako cha bunduki kinapoteguka hugonga shavu na pua. Basi mhusika asiende kwenye shabaha wala kwenye zoezi la vinyago bila barua ya daktari.

Jambo hili lifanywe kwa uwazi. Mtu aliyepasuliwa kwa siri akaja kazini akisema ana mafua, hana wa kumtetea atakapopangiwa doria ya usiku au zamu ya kutuliza ghasia. Daktari wa kikosi na mkuu wake wakijua tarehe ya operesheni, watampa kazi inayomfaa.

PUA ILIYOVUNJIKA HAINGOJI

Tumesisitiza subira, lakini kuna hali moja ambapo subira ni adui. Mtu akipigwa puani ulingoni, uwanjani au kazini, atazamwe na daktari siku ile ile, hasa kama matundu yote mawili yameziba kwa uvimbe. Huenda damu imejikusanya ndani ya ule ukuta wa kati. Gegedu ya ukuta huo haina mishipa yake ya damu; hulishwa na ngando inayoifunika pande zote mbili. Damu ikiitenga na ngando hiyo, gegedu hufa katika siku chache, ukuta huporomoka, na pua hubonyea maisha. Daktari akiitoa damu hiyo mapema, kwa kazi ndogo tu, pua huokoka. Watoto nao wapo katika hatari hiyo hiyo, basi mtoto aliyeangukia uso asiachwe kwa neno la "atapona tu".

Ama mfupa uliopinda, daktari huweza kuurudisha mahali pake uvimbe ukipungua kidogo, lakini kwa mtu mzima isizidi wiki mbili hivi, na kwa mtoto iwe mapema zaidi. Muda huo ukipita, mifupa hushikana katika upotovu wake, na dawa inayobaki ni operesheni kamili yenye yote tuliyoyaeleza.

KABLA YA KUKUBALI KISU

Mwenye kusudio la kubadili pua aliyozaliwa nayo ajiulize kwanza ni nani anayetaka: ni yeye, au ni mchumba wake, au ni picha aliyoiona? Msichana au mvulana ambaye uso wake bado unakua angoje. Ukuaji huo humalizika kwa kawaida kwenye miaka 15 hadi 17, wasichana wakitangulia. Mtu anayekesha mbele ya kioo akiona kasoro ambayo hakuna mwingine anayeiona anahitaji mshauri wa mambo ya akili kuliko mpasuaji, maana pua ikibadilishwa, huzuni hiyo mara nyingi hubaki palepale au huhamia sehemu nyingine ya mwili.

Ajihadhari pia na wale wanaoahidi pua mpya kwa sindano ya nusu saa, bila kisu. Dawa hizo za kujaza ngozi zikiingia katika mshipa wa damu huweza kuiua ngozi ya pua, au kuziba mishipa ya jicho na kumpofusha mtu papo hapo. Sindano hiyo nayo ni kazi ya daktari, si ya saluni.

Amwulize daktari wake bila woga: umefanya operesheni hii mara ngapi? Utachukua gegedu wapi? Nikipata tatizo usiku nitakwenda wapi, na gharama ya kurekebisha atailipa nani? Mwenye kusafiri nchi ya mbali kwa ajili ya bei nafuu akumbuke kwamba gango huondolewa baada ya wiki moja, na uvimbe hufuatiliwa kwa mwaka. Daktari aliye ng'ambo hawezi kuizibua pua iliyoziba huku kwetu.

Na nyumba nzima ikubaliane. Mgonjwa atahitaji mtu wa kumpikia, wa kumbebea maji, wa kumzuia watoto, na zaidi ya yote wa kumtuliza siku ile gango litakapoondolewa na kioo kikasema neno baya. Siku hiyo kioo kifunikwe, na tarehe ya mwaka ujao iandikwe kwenye kalenda. Ndiyo siku ya kuitazama pua na kuihukumu.